Darasa ni la bure, saa ndizo adimu

Mtu akishuka Marekani akitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Nakivale au Kakuma, wiki ya pili haiishi kabla hajaambiwa kwamba Kiingereza kinafundishwa bure. Ataambiwa na mhudumu wa kesi yake, yule ambaye kila mtu anamwita keswoka. Ataambiwa na mchungaji, na binamu aliyetangulia. Hawamdanganyi. Kila jimbo la nchi ile lina madarasa ya Kiingereza ya watu wazima yanayosaidiwa na fedha za serikali kuu, na kwa kawaida mwanafunzi hatoi hata senti. Shida ni kwamba mgeni akishasikia hivyo huona kazi ya kutafuta imekwisha. Anajiandikisha darasa la kwanza aliloonyeshwa, anahudhuria jioni mbili kwa wiki, na miaka miwili baadaye bado anamtegemea mtoto wake wa darasa la sita amsomee barua za shule.

Nimewafundisha Kiingereza watu wazima wa kwetu, wengi wao Wakongomani na Warundi, na mashaka yangu kuhusu darasa la bure hayahusu kama lipo. Lipo. Linaloniumiza kichwa ni saa: ngapi kwa wiki, katika ngazi gani, na kama zinaangukia wakati ambao mtu hayuko kiwandani wala hana mtoto mgongoni. Hayo ndiyo maswali ya kuuliza kwanza, na karibu hakuna anayeyauliza.

Tupige hesabu. Cambridge, ambao mitihani yao ya Kiingereza inafahamika hata kwetu, wanakadiria kwamba anayeanza sifuri anahitaji saa 180 hadi 200 za kufundishwa ili afike A2, kiwango cha kununua dukani, kuuliza njia na kujaza fomu fupi. Kufika B1, pale unapoweza kumweleza daktari maumivu yako na kubishana na mwenye nyumba, ni saa 350 hadi 400. B2, ambayo vyuo huanza kukuangalia kwa jicho zuri, ni saa 500 hadi 600. Na haya ni makadirio ya mtu aliyekwenda shule, anayejua kusoma ubaoni na kunakili daftarini.

Sasa chukua darasa la jioni la kawaida, Jumanne na Alhamisi, kila kipindi kikichukua muda wa saa mbili. Kwa wiki ni saa 4. Mwaka wa masomo ukiwa na wiki 36, jumla ni saa 144. Ila hakuna mtu mzima anayehudhuria zote. Kuna theluji, kuna zamu ya ziada, kuna mtoto mwenye homa, kuna gari lililogoma kuwaka. Toa robo, zinabaki 108. Kwa mwendo huo B1 iko zaidi ya miaka mitatu mbele, na hapo tumejifanya kwamba likizo ya kiangazi haisahaulishi kitu. Mwenzake aliyepata darasa la mchana la saa 20 kwa wiki anazimaliza saa hizo 350 kwa wiki 18 hivi, na hata naye akikosa robo ya vipindi, ni wiki 24. Wote wawili ukiwauliza watakujibu kwamba wanasoma Kiingereza bure.

Nchi nyingine zimeandika idadi. Ujerumani kozi yake ya kawaida ya wageni ina saa 600 za lugha na 100 za sheria na maisha ya nchi. Australia, ambayo imewafundisha wahamiaji Kiingereza tangu 1948, kwa miaka mingi ilimpa kila mmoja saa 510, na mwaka 2021 ikauondoa ukomo huo. Unaweza kubishana kama 510 zilitosha, lakini mtu alijua haki yake inaishia wapi. Marekani haikuandika idadi. Sheria yake ya wakimbizi ya 1980 inataja mafunzo ya Kiingereza waziwazi, ila lengo linalotangulia ni mkimbizi ajitegemee kiuchumi upesi iwezekanavyo, na mambo haya mawili yakigongana, daima lugha ndiyo inayosubiri.

Kanuni zinazosimamia fedha za wakimbizi zinaagiza Kiingereza kifundishwe sambamba na kazi, kisitangulie kazi, na kadiri iwezekanavyo kifundishwe nje ya saa za kazi. Aliyeandika kanuni hiyo nadhani alimfikiria karani anayetoka ofisini saa kumi na moja jioni. Watu wetu wako viwanda vya nyama, wako maghalani, wako kwenye mitambo inayofua mashuka ya hoteli. Zamu ya pili inaingia saa tisa alasiri na kutoka saa tano usiku. Kwa mtu huyo darasa la jioni ni kama halipo.

Na kipindi cha kupumua kinafupishwa. Posho ya fedha anayopewa mkimbizi asiye na watoto wadogo ilikuwa ya miezi 8 kwa muda mrefu, ikapandishwa hadi 12 mwaka 2021, na tangu Mei 2025 wanaoanza kustahili wanaipata kwa miezi 4. Kwa miezi 4 keswoka hawezi kumwachia mtu asome hadi ajue. Anamtafutia kazi ya kwanza inayotokea, na kazi hiyo ndiyo inayoamua, pengine kwa miaka, kama mtu huyu atapata darasa au hatapata.

Mwangalie mwomba hifadhi, ambaye hali yake ni kinyume kabisa. Kiangazi cha 2019 mamia ya watu, wengi kutoka Kongo na Angola, walifika Portland, Maine, wakalazwa kwenye vitanda vya kukunja ndani ya ukumbi wa michezo unaoitwa Expo. Kwa kanuni zilizokuwapo, mwomba hifadhi alitakiwa asubiri siku 150 tangu apeleke ombi ndipo aombe kibali cha kazi, na kibali hakikutoka kabla ya siku 180. Watu wa hali hiyo wamekosa kila kitu isipokuwa muda. Nimewaona wakikaa darasani asubuhi, wakirudi alasiri, na siku kibali kinapotoka wanakwenda kwenye usaili wa kazi bila mkalimani, wakati mkimbizi aliyefika na karatasi zote mkononi amekwisha kuwa mwaka mzima kwenye mkanda wa kuku na anajua maneno ya kuku tu. Sisifu sheria inayomkataza mtu kujilisha. Nasema miezi ya mwanzo ndiyo yenye saa, na familia nyingi zinaipoteza kwa kupanga vibaya.

Mpango wenyewe tunaujua. Baba anakimbilia kazi, mama anabaki nyumbani na wadogo, na hakuna hata mmoja anayesoma. Kama nyumba ina watu wazima wawili au watatu, ningeshauri mmoja wao asiingie kazini mapema, aende darasa la mchana lenye saa nyingi kuliko yote yaliyopo mjini, na wenzake wambebe kwa miezi hiyo. Mara nyingi anayefaa kupewa nafasi hiyo ni mama au binti mkubwa, kwa sababu wao ndio watakaoongea na shule, kliniki na ofisi ya chakula. Najua ushauri huu haupendezi kwenye vikao vya ukoo, hasa pale ambapo kuna watu Bujumbura na Kigoma wanaosubiri kutumiwa fedha mwezi wa pili.

Ili kuelewa kwa nini nafasi yenyewe ni ngumu kuipata, jua nani analipa. Sehemu kubwa ya fedha za serikali kuu kwa kazi hii inatoka kwenye sheria ya 2014 inayojulikana kwa herufi WIOA, sehemu yake ya pili. Washington inayapa majimbo, majimbo yanazipa shule za wilaya, vyuo vya jamii, maktaba na mashirika. Anayestahili ni mwenye miaka 16 au zaidi, asiye shule ya sekondari, ambaye Kiingereza kinampiga chenga. Wanafunzi wa lugha wamegawanywa ngazi 6. Anayefikisha saa 12 za masomo anahesabika rasmi kuwa mshiriki. Anapimwa anapoingia, anapimwa tena baada ya saa kadhaa, mara nyingi 40 au 60, na kupanda kwake ngazi ndiyo takwimu inayopelekwa jimboni. Shule isiyoonyesha watu wanaopanda inajiweka pabaya siku ya kuomba ruzuku tena.

Mambo mengi yanayomshangaza mgeni yanaelezwa na utaratibu huo. Ndiyo maana anapimwa kabla hata ya kuonyeshwa choo kiko wapi, na usajili unafunguliwa mara chache tu kwa mwaka. Ndiyo maana akikosa wiki mbili mfululizo jina linafutwa na mwingine anaitwa kutoka orodha ya kusubiri. Na mimi naamini, ingawa hutaikuta imeandikwa popote, ndiyo maana asiyejua kusoma anapokewa kwa tabasamu pana na kusubirishwa kuliko wote: yeye hupanda ngazi polepole, na takwimu hazina subira.

Mtihani wa kuingilia nao unastahili kutazamwa kwa karibu. Chumba kidogo, kompyuta tatu, hedifoni. Mama wa miaka arobaini na kitu, aliyelima mihogo Fizi na baadaye kuuza vitenge kambini, anaambiwa asikilize swali kisha abofye picha inayofaa. Swali amelielewa, unaona anavyoitikia kwa kichwa. Lakini hajawahi kushika mausi. Anaisukuma, mshale unakimbilia pembeni ya kioo. Anaiinua hewani ili aufuate, mshale unaganda. Anatazama huku na huku, muda unayoyoma, mwishowe anabofya popote ili aliyesimama nyuma yake asichoke kumsubiri. Matokeo yanasema hasikii Kiingereza hata kidogo, kumbe kilichopimwa ni mausi. Kompyuta ya jirani yake kuna kijana aliyesoma sekondari Uvira kwa Kifaransa. Yeye anaotea majibu kwa kufananisha maneno ya lugha hizo mbili, anapata alama nzuri, na Jumatatu anawekwa na watu wanaozungumza mfululizo ilhali yeye hawezi kuagiza chai. Mama anarudishwa kwenye rangi na namba alizokwisha kuzijua, kijana anakaa nyuma kimya. Usishangae wote wawili wakiacha kabla ya Krismasi.

Hili lina tiba, na tiba ni kuomba. Kuna mtihani wa mazungumzo ana kwa ana, BEST Plus, na shule nyingi zinaufahamu hata pale ambapo hazijautanguliza. Mitihani kadhaa ya kompyuta ina toleo la karatasi pia. Asiyejua kompyuta aombe karatasi, aombe mtu, aombe arudie siku nyingine. Darasa likiwa si lako, mwambie mwalimu wiki hiyo hiyo ya kwanza. Kwetu ni utovu wa adabu kumwambia mwalimu kwamba nimewekwa pasiponifaa. Kule usiposema unahesabiwa umeridhika.

Kuhusu mahali pa kutafuta, simu ya 211 inafanya kazi karibu nchi nzima na inatoa majina ya madarasa yaliyo jirani, mara nyingi kwa msaada wa mkalimani. Shule ya mtoto wako pia ni ya kuulizwa, maana wilaya nyingi ndizo zinazoendesha masomo ya watu wazima, wakati mwingine katika majengo yale yale. Maktaba za umma ni mlango mzuri, na za New York, pamoja na ile ya Queens, zina madarasa ya bure yanayojulikana mbali. Hata maktaba ndogo huwa na meza ya mazungumzo inayosimamiwa na watu wa kujitolea. Nawaheshimu sana wale wazee wastaafu wanaokaa na mgeni saa nzima wakimsikiliza akitafuta neno. Lakini saa moja ya kujitolea kila Jumamosi ni nyongeza ya darasa. Aliye na hiyo peke yake bado hajapata darasa.

Vyuo vya jamii vinahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu vina madirisha mawili na mgeni hajui. Dirisha moja linaandikisha Kiingereza kisicho na alama za chuo, ambacho California, kwa mfano, hakitozwi ada. Dirisha la pili linaandikisha Kiingereza chenye alama, na hicho kinalipiwa. Mkimbizi atakayefikia la pili huenda akaambiwa asijali, ruzuku ya Pell italipa. Ni kweli italipa. Ila ruzuku hiyo kila mtu ana kikomo chake maishani, sawa na mihula 12 ya masomo ya muda wote. Kijana anayetaka uuguzi au uhandisi anaweza kujikuta amekula mihula kadhaa kwenye Kiingereza ambacho angekipata bure jengo la pili, na ruzuku ikamwishia njiani. Hili limewakuta watu wenye akili sana, kwa sababu tu waliokuwa dirishani hawakuwa na sababu ya kuwaeleza.

Hati nazo zina mambo yake. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, kama walivyo Wakenya na Watanzania wengi wanaokwenda kusoma, sheria ya 1996 inamkataza kuhudhuria elimu ya watu wazima inayolipiwa na umma, na kuhudhuria kunaweza kumharibia viza. Arizona imekuwa ikidai uthibitisho wa ukaazi halali kwa madarasa haya tangu wapiga kura walipoipitisha hoja hiyo mwaka 2006. Na Julai 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa tafsiri mpya inayowazuia watu wa hadhi fulani za uhamiaji wasifikiwe na fedha za elimu ya watu wazima. Majimbo kadhaa yakaipeleka serikali mahakamani. Mkimbizi, aliyekwisha kukubaliwa hifadhi na mwenye grinikadi hawaguswi na hilo. Mwomba hifadhi ambaye kesi yake haijaamuliwa ndiye wa kuuliza jimbo lake limesimama wapi kabla ya kujaza fomu, na aulize shirika la wanasheria wa uhamiaji, si kikundi cha WhatsApp.

Kanada ningeipa alama za juu zaidi, japo nayo ina kona zake. Programu yake, LINC, imekuwapo tangu 1992. Mkazi wa kudumu na mkimbizi aliyekubaliwa wanasoma bure, wanapimwa kwa vipimo vya kitaifa vyenye ngazi 12, na vituo vingi vina chumba cha kulelea watoto wakati mama yuko darasani. Hicho chumba cha watoto, kwa maoni yangu, kimefundisha Kiingereza kuliko kitabu chochote cha kiada. Kona yenyewe ni hii: ukishakula kiapo cha uraia, haki ya LINC imekwisha. Uraia unadai ngazi ya 4 ya kusikiliza na kuzungumza kwa walio kati ya miaka 18 na 54, na ngazi ya 4 haimfikishi mtu kwenye kazi ya maana. Aliyeko Kanada achote kwanza ndipo aape.

Turudi Marekani, kwa sababu 2025 imebadilisha uzito wa jambo hili. Mwaka wa serikali wa 2024 wakimbizi 100,034 waliingia nchi ile, na waliotoka Kongo walikuwa karibu 20,000, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote. Januari 2025 mlango ukafungwa. Kwa hiyo Waswahili wanaogombea viti vya madarasa leo kwa sehemu kubwa ndio wale wa 2023 na 2024, ambao wamekwisha kuingia kazini na kumaliza posho. Tarehe 1 Machi 2025 rais alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi, akafuta amri ya mwaka 2000 iliyozitaka ofisi za serikali kuu kuwahudumia wasiokijua. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 bado ipo, na hospitali inayopokea fedha za serikali haijaruhusiwa kukunyima mkalimani. Lakini anayedhani wakalimani wataongezeka anajidanganya.

Waliohisi kishindo mapema zaidi ni madereva wa malori. Kanuni inayomtaka dereva aweze kuzungumza na askari, kusoma alama za barabarani na kujaza kumbukumbu zake kwa Kiingereza ni ya zamani, ila kuanzia 2016 wakaguzi walikuwa wakiandika kosa na kumwacha mtu aendelee na safari. Tangu 25 Juni 2025 anayeshindwa kujibu anasimamishwa pale pale, lori linabaki kando ya barabara mpaka apatikane dereva mwingine. Wako wenzetu wengi kwenye kazi hiyo, wanaolipa mkopo wa kichwa cha lori kila mwezi, waliofaulu leseni yao ya CDL zamani na kuliona darasa la Kiingereza kuwa jambo la wageni wapya. Dereva anayelala Nebraska leo na Ohio kesho hawezi kuwa darasani Jumanne na Alhamisi. Kwake yeye naona njia ni mwalimu wa simu mwenye ratiba, akisaidiwa na tovuti isiyo na malipo kama USA Learns, inayoendeshwa na ofisi ya elimu ya kaunti ya Sacramento. Programu za simu zenye michezo na kengele zinafundisha maneno. Mkaguzi anauliza sentensi, na anaiuliza kwa kasi.

Mtihani wa uraia nao umepanda. Walioomba kuanzia 20 Oktoba 2025 wanasomea maswali 128 ya historia na serikali badala ya 100, wanaulizwa hadi 20 badala ya 10, na wapate 12. Sehemu ya lugha imebaki vile vile: kusoma sentensi moja kati ya tatu, kuandika moja kati ya tatu, na kuzungumza na afisa. Mzee mwenye miaka 50 aliyekaa na grinikadi miaka 20, au mwenye 55 aliyekaa nayo 15, anasamehewa Kiingereza na kujibu maswali ya uraia kwa Kiswahili. Madarasa ya uraia ya bure ni mengi na yana wahudhuriaji wazuri, ila mtu asiyachanganye na darasa la Kiingereza. Kukariri majibu ya maswali 128 kunakupa pasipoti. Hakukupi neno la kumwambia msimamizi aliyekukata saa kwenye malipo.

Ukipiga simu shuleni, basi, usianze kwa kuuliza kama ni bure. Uliza saa ngapi kwa wiki, na kwa wiki ngapi. Uliza kama mwalimu ameajiriwa au anajitolea, kama kuna darasa la wasiojua kusoma kabisa lililotengwa na wanaoanza, kama kuna wa kuangalia watoto, basi gani linapita mlangoni na la mwisho linapita saa ngapi. Uliza orodha ya kusubiri ina urefu gani, na jiandikishe kwenye mbili au tatu kwa pamoja. Hakuna sheria inayokuzuia kusoma mahali pawili, na anayeunganisha saa 6 za shule ya wilaya na 4 za maktaba tayari ana 10.

Linabaki kundi ambalo hesabu zangu zote za juu hazilihusu: waliokulia vitani na makambini bila kupita shule. Hawa wanafundishwa kusoma kwa mara ya kwanza katika lugha wasiyoisikia, tena lugha ambayo herufi zake hazitamkwi vile zinavyoandikwa. Miaka inapita wakinakili maneno wasiyoyasoma. Msimamo wangu, ambao wenzangu kadhaa kazini hawaupendi, ni kwamba wasome Kiswahili kwanza. Maandishi ya Kiswahili yanatamkwa yalivyo, mtu mzima anayekizungumza anaweza kuyapata kwa miezi michache, na akishajua kwamba alama kwenye karatasi ni sauti, anaingia darasa la Kiingereza akiwa na macho. Tanzania ilifanya hivyo kwa nchi nzima. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, madarasa ya kisomo yakafunguliwa chini ya miembe na kwenye maghala ya vijiji, na kufikia 1986 serikali ilihesabu wasiojua kusoma kuwa takriban asilimia 10. Walimu wengi wa kisomo hawakuwa na cheti chochote cha ualimu.

Walimu tunao. Nenda kanisa lolote la Wakongomani katika miji kama Des Moines, Dayton au Louisville, uliza nani alikuwa mwalimu wa msingi Kivu au kambini, na mikono itainuka. Wanafungasha nyama usiku, Jumamosi wamelala. Ukumbi upo, ubao ni dola chache. Fedha za WIOA hazitalipia darasa la Kiswahili, lakini sheria hiyo inaruhusu mashirika ya kijamii na ya kidini kuomba ruzuku ya kufundisha Kiingereza, peke yao au kwa kuungana na chuo, mradi waonyeshe ushahidi kwamba wanafunzi wao walisonga mbele. Vikundi vyetu vinakwama kwenye ushahidi huo kila msimu wa maombi, kwa sababu havikuandika chochote. Anayetaka kuanza anunue daftari la mahudhurio kabla ya kununua chaki: jina, tarehe, saa alizokaa, alichoweza kusoma siku ya kwanza na alichoweza baada ya miezi mitatu. Msimu wa maombi ukifika, hizo ndizo karatasi zitakazotakiwa mezani.